Dereva, Askari na Mtu wa Tatu

Nimefanya kazi ya madai ya ajali hapa Mombasa tangu enzi za stika za bima kujazwa kwa kalamu, na bishano la barabarani nalijua kama nijuavyo njia ya kwenda nyumbani. Mtwapa ni lile lile, Mariakani ni lile lile. Askari anazunguka mbele ya gari, anainama asome tarehe kwenye kioo, anauliza. Dereva anateremka na hoja zake. Gari ni langu, nimelinunua kwa pesa zangu. Nikimgonga mtu nitamlipa mwenyewe. Bima imekwisha jana tu, na pesa nimeshamtumia wakala. Hawa si abiria, ni jamaa zangu, twaenda matangani Kaloleni. Kisha ile ya mwisho, inayotolewa kwa sauti ya juu ili walio ndani waisikie: mbona magari ya serikali hayaulizwi bima?

Wengi huzicheka hoja hizi. Mimi sizicheki, kwa kuwa karibu kila moja ina jibu lake ndani ya sheria yenyewe, na majibu hayo ni ya zamani kuliko barabara nyingi tunazobishania.

Sheria yetu ya bima ya magari kwa ajili ya mtu wa tatu, yaani anayegongwa, Sura ya 405, ilitungwa miaka ya 1940 Kenya ikiwa bado koloni, na sehemu kubwa ilichukuliwa kutoka Uingereza. Huko, mwaka 1930 peke yake, watu 7,305 waliuawa barabarani. Jimbo la Massachusetts kule Marekani lilikuwa limetangulia kulazimisha bima mwaka 1927. Uingereza ikafuata kwa Sheria ya Barabara ya 1930, wakati Herbert Morrison akiwa waziri wa uchukuzi. Kilichowasumbua si kwamba mahakama hazikutoa haki. Aliyegongwa alishinda kesi, akapewa hukumu yake mkononi, kisha akagundua kwamba aliyemgonga hana hata kiti cha kupigwa mnada. Baya zaidi, hata pale mgongaji alipokuwa na bima, akifilisika pesa ya bima iliingia katika fungu la wote wanaomdai, na mwenye mguu uliokatwa akapanga foleni pamoja na muuza nyama na fundi cherehani. Mwaka huo huo wa 1930 ikapitishwa sheria nyingine ya kumpa majeruhi haki ya kuifuata kampuni ya bima moja kwa moja, na mwaka 1934 kampuni ikalazimishwa kulipa hukumu hata kama ina ugomvi wake na mteja, isipokuwa itangulie kwenda mahakamani kupata tamko la kujitoa. Kifungu cha 10 cha Sura yetu ya 405 kimetoka huko.

Kwa hiyo anayesema "nitamlipa mwenyewe" anarudia hoja iliyokwisha kujibiwa. Sheria ya 1930 haikumkatalia. Ilimwambia aweke pauni 15,000 mahakamani, zikae huko, ndipo aendeshe bila bima. Wakati ule fedha hizo zilikuwa utajiri mkubwa, na hilo ndilo lililokusudiwa: ahadi ya kulipa haina uzito mpaka pesa ionekane kabla ya ajali. Ama kuhusu cheti cha bima kilichosahauliwa nyumbani, waliotunga walijua askari na dereva watavutana, wakampa dereva siku 5 akioneshe kituoni. Na kuhusu pesa iliyotumwa kwa wakala, Sheria ya Bima, Sura ya 487, inasema kampuni isibebe hatari kabla ya kupokea malipo. Madereva wa matatu na bodaboda wanaolipia mwezi mwezi ndio wanaoumia hapa, maana pengo la siku mbili kati ya mwezi na mwezi halina bima kabisa.

Hoja ya magari ya serikali ni ya kweli. Sheria imeyaondoa kwenye sharti la bima, kwa imani kwamba Hazina haifilisiki na haitoroki. Imani hiyo ina upungufu ambao nimeushuhudia kwa wadai wengi: mali ya serikali haiwezi kukamatwa ili kutekeleza hukumu, na aliyegongwa na gari la serikali huweza kuzeeka akiishika hukumu yake. Dereva akilisema hilo barabarani, hakosei, ingawa haliondoi wajibu wake yeye.

Sasa ile ya jamaa. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni zilizodaiwa na serikali kwa magari ya biashara, baada ya miaka ya kukimbizana na polisi huku mabasi ya Kenya Bus yakilindwa. Wenye matatu walishangilia, na walistahili kushangilia. Lakini masharti ya bima hayakufutwa, na wengi waliyasahau. Leseni ya abiria ilirudishwa kwa sheria mwaka 1984, na kanuni kali za waziri John Michuki zikaanza Februari 2004. Kati ya hapo na leo, magari madogo yenye bima ya binafsi hayajaacha kubeba abiria wa kulipa, na kila yakisimamishwa abiria wanageuka ndugu wa dereva.

Hapa ndipo nakasirika, na sioni haya kusema hivyo. Sura ya 405, kama mama yake wa 1930, hailazimishi bima kwa abiria ambao hawakulipa nauli. Bima ya binafsi nayo huandikwa wazi kwamba gari halitabeba watu kwa malipo. Dereva anaposema "ni jamaa zangu", anawafukuza abiria wake kutoka kwenye fidia, nao wameketi nyuma wakiitikia, maana wana haraka ya kufika. Nilimhudumia mama mmoja muuza mboga wa Mazeras aliyevunjika nyonga ndani ya gari la namna hiyo. Alikuwa amelipa nauli yake. Kampuni ikakataa kwa kuwa gari lilitumika nje ya masharti, mwenye gari hakuwa na kitu, na yule mama hakupata hata nauli ya kurudi kliniki.

Lakini haki haiwezi kudaiwa kwa dereva peke yake. Kampuni ya bima ya taifa, Kenya National Assurance, ilifungwa mwaka 1996. Mwaka 2005 United Insurance, iliyokuwa imebeba matatu nyingi sana, ikawekwa chini ya msimamizi, na Blue Shield ikafuata 2011. Kesi zikasimamishwa kwa amri za mahakama. Wenye matatu waliolipa kila mwezi bila kukosa wakajikuta wakifuatwa na madalali kwa hukumu ambazo bima ilipaswa kuzilipa, na ikawalazimu kununua bima upya ili warudi barabarani. Dereva wa namna hiyo akimwambia askari kwamba stika ni karatasi tu, anasema lililompata. Na hata kampuni ikiwa hai, sheria inairuhusu kuweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja, kiasi kinachomalizwa upesi na majeruhi wa uti wa mgongo.

Mamlaka ya Kusimamia Bima itangaze kila mwezi, kwa Kiswahili na kwa redio, ni kampuni gani zinazolipa hukumu za magari ya abiria na zipi zinazozungusha watu. Askari aulize bima ni ya aina gani, asiishie kwenye tarehe. Na wewe abiria, ukiulizwa kizuizini umelipa nauli, jibu kweli, kisha piga picha ya stika kabla gari halijaondoka.