Damu ya Kazi, Damu ya Maonyesho

Mageti mengi ya Buruburu, Umoja na Komarock, mitaa ya Nairobi, yameandikwa "Mbwa Kali", na anayelinda nyuma yake mara nyingi ni jamani shepadi au chotara wake. Anayenunua mtoto wa mbwa huyo huulizia manyoya marefu, masikio yaliyosimama na mgongo ulioteremka kuelekea mkiani. Ni wachache wanaouliza wazazi wake walikuwa na kazi gani. Historia inaonyesha kwamba swali hilo ndilo lingetangulia, na ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwa mbwa wa kuwinda.

Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, Wambuti humfunga basenji kengele ya mbao, kwa kuwa habweki kama mbwa wengine, ili wajue alipo anapofukuza mnyama kuelekea nyavuni. Huko hakuna hakimu wa urembo: asiyenusa, asiyekimbia au asiyehimili maradhi hakuacha kizazi. Basenji wawili walioonyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, Uingereza, mwaka 1895 walikufa kwa distempa. Mwaka 1937 Olivia Burn aliwaonyesha wengine, na kutokana na mbwa wachache wa miaka ile ukajengwa ukoo wa Ulaya na Marekani. Damu mpya iliingia kwa nadra. Mkia uliojikunja na paji lenye makunyanzi vilitunzwa vizuri sana, lakini anemia ya kurithi na maradhi ya figo yaitwayo Fanconi yakaenea humo humo. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walirudi Zaire, yaani Kongo ya leo, kuchukua mbwa wa vijijini wasio na hati yoyote, na mwaka 1990 American Kennel Club ikafungua kitabu chake cha ukoo kuwapokea. Damu ya maonyesho iliokolewa na mbwa ambao hapa Nairobi wangeitwa koko!

Jamani shepadi naye alianza kama mbwa wa kuchunga kondoo. Max von Stephanitz, mwasisi wa ukoo huo aliyemnunua mbwa Horand von Grafrath mwaka 1899, alishikilia kwamba uzuri wa mbwa huyu ni kufaa kwake kazini. Hata hivyo ukoo uligawanyika, wa kazi huku na wa maonyesho kule, na mgongo ule unaosifiwa sana mitaani kwetu ni wa upande wa pili.

Huenda mtu akasema kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na ua wa Umoja si malisho, kwa hiyo damu ya kazi ni ya nini? Hoja hiyo ina uzito. Mbwa wa kazi asiye na kazi hutafuna mlango na kubweka usiku kucha, na si kila nyumba inamfaa. Lakini kulinda geti pia ni kazi, tena ngumu, kwa sababu wapita njia hawaishi na watoto wa jirani huingia na kutoka. Wengine watatetea hati za ukoo, nami nazitetea pia, kwani bila kumbukumbu ni rahisi dume kumpanda dada yake. Ila hati inawataja wazazi tu. Haisemi kama wana moyo mtulivu. Hilo mnunuzi ataliona akienda kwa mfugaji jioni, matatu zikipiga honi na watu wakirudi kutoka kazini, amtazame mama wa watoto: anamrukia kila anayepita, anajificha nyuma ya tangi la maji, au anasubiri mpaka mkono uguse komeo?