Chumvi Ipi?

Katika Ukambani, maji ya visima vingi huitwa maji ya chumvi. Mwanafunzi wa Mbumbuni, Makueni, anayeanza mwaka wa kwanza wa bioteknolojia, asidhani ni kloridi ya sodiamu pekee. Katika kemia, chumvi ni jina la ukoo mzima: kampaundi kama zile zinazopatikana asidi inapokutana na besi. Chumvi za kalsiamu na magnesiamu ndizo hufanya maji kuwa magumu, sabuni ikakataa kutoa povu. Ile ya mezani, gramu 9 katika lita 1 ya mmumunyo, huziacha seli nyekundu za damu zisivimbe wala kusinyaa. Kwa hiyo, maabarani, taja chumvi kwa jina lake kamili.