Vyakula vya nyumbani vilivyo sumu kwa mbwa na paka

Houston, pamoja na Dallas na Fort Worth, katika jimbo la Texas nchini Marekani, ni makazi ya maelfu ya watu waliotoka Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo. Wengi wao walikulia mahali ambapo mbwa ni mlinzi anayelala nje na kula makombo ya ugali, na paka hujitafutia panya na vichwa vya samaki.

Marekani mnyama huyo huyo huishi ndani ya nyumba, na watoto humgawia kila wanachokula. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwani vyakula kadhaa visivyomdhuru binadamu ni sumu kwake.

Kilicho karibu zaidi na jiko la Kiswahili ni kitunguu. Vitunguu maji, vitunguu saumu na majani yake vina kemikali za salfa zinazoharibu chembe nyekundu za damu. Kuvipika hakuondoi sumu hiyo, na unga wa kitunguu ni mkali zaidi kwa kuwa umekaushwa. Paka ndiye dhaifu zaidi: gramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kumdhuru, maana yake kipande cha gramu 20 kwa paka wa kilo 4. Mbwa huhimili gramu 15 hadi 30 kwa kilo.

Dalili hukawia siku kadhaa: mnyama huchoka, ufizi hupauka na mkojo huwa wa rangi ya kahawia. Kwa hiyo anayekwangua sufuria ya pilau katika bakuli la paka, akidhani anamfanyia hisani, huenda asiunganishe ugonjwa wa Alhamisi na karamu ya Jumapili.

Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuua figo za mbwa. Jambo hilo lilianza kutambuliwa miaka ya mwisho ya karne iliyopita, lakini kwa muda mrefu sababu yake ilikuwa fumbo. Mbwa mmoja alikula nyingi akapona, mwingine akala chache akafa. Mwaka 2021 wataalamu wa sumu wa shirika la kutetea wanyama la ASPCA walielekeza kidole kwa asidi ya tartari, ambayo kiwango chake katika zabibu hubadilika kulingana na aina na ukomavu wa tunda. Walifikia hapo baada ya mbwa kuugua kwa kula donge la kuchezea watoto, lililotengenezwa nyumbani kwa unga wa tartari unaotumiwa kuokea.

Mwaka uliofuata zilichapishwa taarifa za mbwa walioharibika figo baada ya kula unga huo, na wengine baada ya kula ukwaju. Habari hiyo inawahusu moja kwa moja wasomaji wa pwani. Ukwaju hupatikana kwa urahisi Texas, katika maduka ya Wameksiko na ya Wahindi kama yale ya barabara ya Hillcroft, Houston, na rojo iliyobaki baada ya kukamua juisi ni tamu kwa mbwa mlafi. Mbwa aliyekula zabibu au ukwaju huhitaji kuwekewa maji ya mishipa kwa siku mbili au tatu, matibabu yanayoweza kugharimu maelfu ya dola.

Chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno. Kadiri chokoleti ilivyo nyeusi ndivyo ilivyo hatari. Kwa mbwa wa kilo 10, dalili za mwanzo huweza kuonekana baada ya gramu 100 hivi za chokoleti ya maziwa, lakini kwa chokoleti chungu ya kuokea gramu 15 zinatosha. Hufuata kutapika, moyo kwenda mbio na degedege. Oktoba 31, usiku wa Halloween, watoto hurudi na mifuko iliyojaa peremende. Mifuko hiyo haifai kuachwa sakafuni.

Hatari inayojificha zaidi ni zailitoli, kitamu ambacho kwenye pakiti huandikwa xylitol au sukari ya mti wa birch. Kimo katika chingamu zisizo na sukari, dawa za meno na baadhi ya siagi za karanga. Humfanya mbwa atoe insulini kwa wingi, sukari ya damu ikaporomoka ndani ya saa moja. Kiasi kikubwa huua ini.

Makadamia, zao linalojulikana sana Murang'a na Embu, huwalegeza mbwa miguu ya nyuma, ingawa kwa kawaida hupona ndani ya siku mbili. Unga wa maandazi uliotiwa hamira huumuka tumboni na kutoa pombe. Parachichi halimtishi sana mbwa, isipokuwa kokwa lake, lakini huua kasuku na hudhuru mbuzi.

Hata chakula cha dukani si kinga kamili. Kati ya Desemba 2020 na Januari 2021, mbwa zaidi ya 110 waliripotiwa kufa kwa sumukuvu iliyokuwa katika chakula kilichotengenezwa Chickasha, Oklahoma, jimbo jirani la Texas. Ni sumu ile ile ya mahindi yaliyoota ukungu iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Mahindi au mkate uliooza, usiofaa kwa mtu, haumfai mbwa pia.

Mnyama akishakula kitu cha hatari, dalili zisisubiriwe. Maziwa hayaondoi sumu, na chumvi ya kumtapisha ni sumu nyingine. Kituo cha ASPCA cha sumu za wanyama hupokea simu saa 24 kwa nambari 888-426-4435, kwa malipo, na Houston pamoja na eneo la Dallas zina hospitali za mifugo zinazofungua usiku. Daktari atataka kujua mambo matatu: kilicholiwa, kiasi chake na saa. Pakiti yenyewe, hata ikiwa imetafunwa, ichukuliwe pamoja na mgonjwa.