Urithi wa Kale wa Buhaya: Mahali, Walinzi na Maneno

Mtu aliyezoea Kilwa au Gedi, afikapo Buhaya, hutazamia kuona kuta za mawe, misikiti na makaburi ya nguzo. Katika wilaya za Bukoba na Muleba, magharibi ya Ziwa Viktoria, haoni hayo. Aonacho ni shamba la migomba, mti wa kale, na pengine nyumba ya msonge ambayo nyasi zake ziliezekwa juzi tu. Walakini mahali pale huenda pakawa na historia ndefu kuliko kuta zote za pwani. Kwa hiyo namna ya kuhifadhi mambo ya kale katika nchi hii haina budi kufikiriwa upya, wala haifai kuazimwa tu kutoka kwingine.

Kabla ya kuja kwa Wajerumani, ambao kituo chao cha Bukoba kilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890, nchi hii ilikuwa na falme kadhaa, zikiwamo Kiziba, Kyamutwara, Kihanja na Ihangiro. Watawala wa Ihangiro na wa Kyamutwara ya kale walijihesabu kuwa wa uzao wa Ruhinda. Wale wa Kiziba walijihesabu kuwa Wabito, wenye asili ya Bunyoro. Kila Mukama alipofariki, kaburi lake na uwanja wake wa kifalme viliachiwa walinzi, ambao walikaa pale pale, wakatunza nyumba na miti, na kuwaeleza wana wao habari za marehemu. Nyumba ya nyasi haidumu. Huezekwa tena na tena. Kilichodumu ni wajibu wa kuezeka, na habari zilizoeleza kwa nini wajibu huo upo.

Mpango huo ulipoteza mhimili wake mwaka 1963, Serikali ya Tanganyika ilipofuta utawala wa machifu. Mwaka uliofuata ilipitishwa Sheria ya Mambo ya Kale. Sheria hiyo imefanya kazi kubwa, lakini kipimo chake ni umri wa jengo: lililojengwa kabla ya mwaka 1863 hulindwa lenyewe, na la baadaye hungoja kutangazwa na Waziri. Kwa magofu ya mawe kipimo hiki chafaa. Kwa msonge hakifai hata kidogo, kwa maana hakuna msonge wenye nyasi za mwaka 1863. Hata majengo ya Wajerumani mjini Bukoba ni machanga kwa kipimo hicho. Na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu na kubomoa nyumba nyingi katika mkoa huo, lilionyesha jinsi majengo yanavyoweza kutoweka kwa dakika chache.

Mfano ulio bora wa jambo hili ni Katuruka, karibu na Maruku. Wazee wa pale walisimulia kwamba Mukama Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma upate kufika mbinguni, na kwamba kazi ile ilifanyika penye mti uitwao Kaiija, maana yake mahali pa kufulia chuma. Mtaalamu wa Kimarekani, Peter Schmidt, aliyefika huko mwaka 1969, alichimba kwa kufuata masimulizi hayo, akakuta mabaki ya kazi ya wahunzi. Vipimo vya makaa viliashiria zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ingawa wataalamu wengine wamejadiliana naye juu ya tarehe za awali kabisa. Baadaye, mwaka 1976, wazee waliokuwa wameacha kazi hiyo kwa miaka mingi, kwa sababu ya chuma cha Ulaya, walijenga tena tanuri, wakaweka ndani nyasi za kinamasini zilizochomwa, wakayeyusha mawe ya chuma kwa mivuo. Yafaa kuangalia vizuri utaratibu wa mambo: maneno ndiyo yaliyotangulia, na jembe la mchimbaji likayafuata.

Maneno hayo nusura yapotee. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi waliotambuliwa nchini Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa wa Kagera, na katika miaka iliyofuata ugonjwa huo uliondoa watu wengi ambao wangepokea habari kutoka kwa wazee na kuzikabidhi kwa wadogo. Ndipo wanakijiji wa Katuruka, katika miaka ya karibu na 2008, walipoazimu wenyewe kukusanya masimulizi yaliyobaki na kutengeneza mahali pao ili wageni wapate kupatembelea. Katika kazi hiyo ilionekana kwamba wanawake, ambao zamani hawakuulizwa sana, walikuwa na habari za mambo ya ibada na ya nyumba ya kifalme ambazo wanaume hawakuzitaja.

Ng'ambo ya mpaka, katika Buganda, makaburi ya Kasubi yaliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea kwa moto. Lau urithi ungekuwa nyasi na miti tu, habari ingekwisha siku ile. Lakini ukoo wa Ngeye, wenye haki ya kuezeka, ulikuwapo, nyumba ikajengwa tena, na mwaka 2023 Kasubi ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Hapa ndipo elimu ya lugha inapohusika. Mukama aliitwa sultani na Wajerumani, kisha chifu na Waingereza. Kiswahili kilichukua majina yote mawili, na kwa kila jina cheo kilipungua. Kibanja cha Wahaya hutafsiriwa shamba, na tafsiri hiyo huacha nje makaburi ya ukoo yaliyomo, ambayo ndiyo sababu ya Mhaya kutotaka kukiuza. Mgeni akiambiwa kwamba Kaiija ni mti, ameambiwa kweli, lakini hakuambiwa kitu. Vipo vitabu vya kusaidia: kile cha Hermann Rehse juu ya Kiziba, kilichotolewa mwaka 1910, na kile cha F. X. Lwamgira, kilichoandikwa kwa Kihaya. Vyote viwili hueleza Kiziba zaidi. Ihangiro haikupata mwandishi wa namna hiyo.

Na Muleba inavyo vya kuonyesha. Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa Kardinali, mwaka 1960, alizaliwa Bukongo, Kamachumu, mwaka 1912, akawa askofu wa Rutabo. Tangu mwaka 2012 mwili wake umelazwa katika kanisa kuu la Bukoba. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, imeingia katika ardhi ya wilaya hiyo. Mgeni ajaye kwa ajili ya wanyama aweza kupitishwa Kamachumu, Rutabo na Katuruka katika safari moja, na ada yake ikasaidia kuezeka nyumba na kumlipa mwenye kuitunza, kama zamani mlinzi alivyopata riziki kwa ulinzi wake.

Lakini fedha ya mtalii hununua nyasi, hainunui habari. Kabla ya vibao na barabara, hapana budi majina ya mahali, ya vyombo vya uhunzi na ya sehemu za nyumba yaandikwe kwa Kihaya kutoka vinywani mwa wazee, wanaume na wanawake, pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili fasaha, kuanzia Ihangiro. Kazi hiyo haihitaji gharama kubwa. Yahitaji kufanywa wangali hai.