Senti Kumi Yenye Matundu Mawili

Bibi yetu mzaa baba alipofariki hapa Maskati alituachia kopo la biskuti lililojaa sarafu za zamani. Nyingi ni senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki, zile za shaba zenye tundu katikati, ambazo wazee wetu walizitunga kwenye uzi ili zisipotee. Miongoni mwao imo senti kumi ya mwaka 1936 yenye matundu mawili: moja katikati kama kawaida, na jengine dogo karibu na ukingo, juu ya taji.

Bin ami wangu anayeishi Uingereza alipoiona katika picha alikata shauri kwamba hilo ni kosa la kiwandani, na makosa ya namna hiyo huuzwa kwa bei kubwa. Akampata mnunuzi, akapokea na arubuni. Fedha zenyewe zilikwisha kupangiwa kazi, kwani binti yake alikuwa anaingia chuo kikuu. Mimi, kwa kuwa kopo liko kwangu, nikaombwa niipeleke sarafu posta. Sikuipeleka. Nilikuwa na miezi michache tu ya kujifunza elimu hii, lakini ilitosha kunitia shaka.

Hoja yake ya kwanza ilikuwa jina. Sarafu ile imeandikwa kwa Kilatini jina la Edward VIII, wala haina sura ya mfalme. Wanaoanza kukusanya sarafu hudhani kuwa hapo pana kosa, kwa sababu Edward alirithi kiti mwezi wa Januari 1936 akajiuzulu mwezi wa Disemba mwaka huo huo, kabla ya kutawazwa. Lakini senti hizi za matundu hazikuwahi kubeba kichwa cha mfalme yeyote. Mahali pa uso ndipo palipo tundu, na kwa hiyo huandikwa jina na taji upande mmoja, na pembe za ndovu upande wa pili. Herufi ndogo H au KN zinazoonekana kwenye baadhi yake ni alama za viwanda viwili vya Birmingham. Hizo pia si kosa. Kwa watu wa Unguja na Pemba mwaka ule una maana nyengine: tarehe 1 Januari 1936 rupia iliondoka ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja kwa shilingi moja na senti hamsini. Senti kumi ya Edward ni katika sarafu za mwanzo za zama hizo mpya, na Bibi wakati huo alikuwa kigori.

Likabaki tundu la pili. Hapa yafaa kujua sarafu inavyozaliwa. Kipande kitupu cha shaba hukatwa duara, kikatobolewa katikati, ndipo kikawekwa baina ya mihuri miwili ya chuma na kupigwa kwa nguvu. Tundu hutangulia, chapa hufuata. Basi tundu lililokosewa kiwandani limepitiwa na pigo lile lile lililozaa maandishi: kingo zake zimelainika, na rangi yake ya ndani imezeeka sawa na sarafu nzima. Tundu la keekee lililokuja baadaye huikata herufi iliyokwisha kuchapwa, na mara nyingi huacha ukwaru upande ule keekee ilikotokea.

Kanuni hiyo ina mwenzake, nami huitumia zaidi kuliko nyengine zote. Ufa ukitokea kwenye muhuri wa chuma, shaba huingia ndani ya ufa, na juu ya sarafu huonekana mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa kisu au wa sakafu huwa umezama. Mstari ulioinuka una asili ya kiwandani. Uliozama, aghalabu, ni wa mikononi mwa watu. Kadhalika herufi hafifu: uchakavu huanza kula sehemu zilizoinuka kuliko zote, ilhali muhuri ulioziba uchafu hufifisha herufi mbili tatu na kuacha jirani zake zikiwa kali.

Nikaiweka sarafu chini ya kioo cha kukuzia. Tundu la ukingoni limekata jina la mfalme katikati ya herufi, na nyuma yake pana ukwaru uliosuguliwa ukakaribia kwisha. Halikuwa kosa la kiwanda chochote. Kwa kejeli ya mambo, kosa la kweli lilikuwamo katika kopo lile lile na hapana aliyelitazama: senti kumi ya mwaka 1943 yenye alama ya SA, iliyopigwa Pretoria wakati wa vita, ambayo tundu lake limesogea hata likaila ncha ya pembe moja, na kingo zake ni laini kabisa. Thamani yake ni ndogo, haifiki hata nusu ya arubuni.

Nilimpigia simu shangazi yetu, Unguja, nikamsomea maelezo ya sarafu ya 1936. Akanyamaza kidogo.

"Hiyo ilitobolewa na sonara, mwanangu," akasema. "Ukiitunga kwa tundu la kati hukaa ubavu. Mama alitaka imlalie mtoto kifuani."

"Mtoto gani, shangazi?"

Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi, wa kiume, aliyefariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Shangazi mwenyewe hakumwona, kwani alizaliwa nyuma yake. Alihadithiwa na mama yake mara moja tu. Katika shajara tuliyoichora miaka saba iliyopita, mzaliwa wa kwanza ni baba yangu.

Nilimwandikia bin ami yote mawili, habari ya keekee na habari ya mtoto. Siku mbili hakujibu. Ya tatu alinijulisha kwamba amerejesha arubuni, na ada ataitafuta kwengine. Kisha akaniuliza jina la marehemu ami yetu. Shangazi amenitajia. Nimeliandika katika shajara juu ya jina la baba, na wenye nakala za zamani naomba waliongeze: Seif.