Pandikizo la kano ya bega

Pandikizo la kano ya bega ni kipande cha tishu hai, au kilichotokana na kiumbe hai, kinachoshonwa juu ya kano iliyochanika, au kuziba pengo lake, ili ipone vizuri baada ya upasuaji. Kano zinazohusika ni za misuli minne inayokizunguka kichwa cha mfupa wa mkono. Mara nyingi huchanika ile ya juu, ya supraspinatusi.

Ugumu uko pale kano inaposhikana na mfupa. Kiasili, kadiri inavyoukaribia mfupa, kano hugeuka hatua kwa hatua kuwa gegedu, kisha mfupa. Ikishonwa upya, mpangilio huo haurudi. Huota kovu, ambalo ni dhaifu. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, wagonjwa 17 kati ya 18 wenye michaniko mikubwa walichanika tena kano iliyoshonwa, ingawa wengi walipata nafuu ya maumivu.

Pandikizo huweza kutoka kwa mgonjwa mwenyewe: Teruhisa Mihata wa Japani alitumia utando wa paja. Mengine ni ngozi ya marehemu au kolajeni ya ng'ombe, ambayo seli zake zimeondolewa ukabaki wavu wa kupokea seli za mgonjwa. Utumbo wa nguruwe ulijaribiwa pia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 hayakuonyesha faida. Mgonjwa, hasa Mwislamu, ana haki ya kuuliza pandikizo limetoka kwa mnyama gani, na aulize kabla ya kutia sahihi.

Kwa mfano Kikatiti, nchini Tanzania kwenye barabara ya Arusha–Moshi, mabega huumizwa na mikungu ya ndizi, magunia na ajali za bodaboda. Rufaa huweza kuelekea Hospitali ya Mount Meru, hospitali ya KCMC ya Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971, au taasisi ya mifupa ya MOI jijini Dar es Salaam. Eksirei huonyesha mfupa; kano huonekana kwa ultrasaundi au MRI. Hatari kubwa ni kuchelewa. Anayechuliwa bega miezi mingi huku mkono haunyanyuki anaweza kupoteza msuli wenyewe: hunywea, mafuta yakachukua nafasi yake, na hakuna pandikizo linaloweza kuurudisha.

Baada ya upasuaji mkono huning'inizwa shingoni kwa takriban wiki 6, kisha mazoezi huanza taratibu. Mizigo mizito husubiri miezi kadhaa, jambo gumu kwa mkulima anayeishi kwa mikono yake. Familia ipange msaidizi wa shamba mapema.