Faili la Nyanya Lilikuwa na Baiti Sifuri

Wasee, nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilienda Ngomeni, kule kaskazini ya Malindi, kumrekodi nyanya. Ngomeni ndiko Waitaliano walikuwa wakirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco, lile dude la chuma lililosimama baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa pale setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa kazi ya eksirei za angani peke yake, na Wamarekani waliokuwa wenyewe wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Nyanya wakati huo alikuwa msichana. Aliniongelesha dakika arobaini, moshi, kelele, watoto wakikimbilia ufuoni, na mambo mengine ya ukoo ambayo hakuwa amewahi kuyasema.

Nikarudi Kilifi, nikahamisha ile sauti kutoka kwa simu hadi kompyuta. Kompyuta ya mtumba, ya mezani, yenye Ubuntu, haina betri. Mstari ukajaa, asilimia mia. Simu yangu ilikuwa imejaa picha za kipuzi, kwa hivyo nikafuta rekodi papo hapo ili nipate nafasi. Haikupita nusu dakika, stima ikapotea mtaa mzima. Iliporudi, jina la faili lipo, tarehe ipo, saizi: baiti 0.

Nililaumu stima. Wiki nzima nikilaumu stima. Kumbe stima ilikuwa nusu tu ya kesi.

Iko hivi. Diski ni polepole, memori ni kasi. Kerneli, yaani ile programu ya ndani kabisa inayosimamia kila kitu kwenye mashine, haitaki ukae ukisubiri diski. Kwa hivyo ukisevu, inapokea data yako, inaiweka kwenye memori, inakwambia "tayari", halafu inaipeleka kwenye diski baadaye. Hiyo sehemu ya kungojea ndiyo kashe. Ni kama mwenye duka unayemwambia aandike deni lako kwenye daftari, anakujibu "nishaandika" na bado liko kichwani mwake, anangoja wateja wapungue. Siku nyingi hakuna shida. Shida ni azimie kabla hajashika kalamu.

Na si jambo geni. Ile setilaiti ya Uhuru yenyewe ilibeba kinasa cha tepu kilichoshika data ya mzunguko mmoja, kama saa moja na nusu hivi, kisha ikaitema chini ilipopita juu ya kituo. Kushika kwanza, kupeleka baadaye. Tofauti ni kwamba pale kila mtu kwenye mradi alijua data iko wapi. Mimi niliambiwa asilimia mia.

Kwenye Unix, ya Bell Labs kule Marekani, miaka ya 1970, kulikuwa na kiprogramu kimoja kazi yake ni kuamka kila sekunde 30 na kuamuru: mwageni kila kitu kwenye diski. Amri yenyewe inaitwa sync. Wazee wa Unix walikuwa na mazoea ya kuiandika mara tatu kabla ya kuzima mashine, na watu hudhani ni ushirikina. Si ushirikina kabisa. Amri ilikuwa inarudi kabla kazi haijaisha, kwa hivyo ule muda wa kuiandika tena na tena ndio uliipa diski nafasi ya kumaliza. Yaani usalama wa data ulitegemea uzito wa vidole vya mtu!

Linus Torvalds akatangaza kwamba anaunda Linux tarehe 25 Agosti 1991. (Tarehe 25 Agosti 2023 ndio usiku Kenya karibu yote iliingia gizani. Haihusiani, lakini nilicheka peke yangu.) Linux nayo ikarithi tabia ile. Hadi leo, usipobadilisha mipangilio, data inaweza kukaa kwenye memori kama sekunde 30 kabla kerneli haijaona imechelewa.

Mwaka wa 2009 ndio uliponigusa. Linux ilikuwa imepata mfumo mpya wa faili, ext4, uliotangazwa kuwa tayari kwenye kerneli 2.6.28 mwishoni mwa 2008. Ule wa zamani, ext3, kwa kawaida ulikuwa ukimwaga kila sekunde 5. Ext4 ikaongeza ujanja: hata nafasi ya faili kwenye diski isichaguliwe mpaka dakika ya mwisho. Kasi ikapanda. Halafu watu waliokuwa wakijaribu Ubuntu mpya, mashine zao zikigandishwa na draiva mbovu za kadi ya picha, wakawasha na kukuta mafaili yana jina na hayana kitu ndani. Baiti 0. Kama langu.

Ted Ts'o, msimamizi wa ext4, alijibu kwamba kosa ni la programu: mwenye kutaka uhakika aite fsync, amri ya "andika sasa hivi, nasubiri". Kisheria alikuwa sahihi. Lakini pia akaandika viraka vya kuokoa visa vilivyozoeleka zaidi, vikaingia 2.6.30. Mimi namheshimu kwa hicho cha pili kuliko cha kwanza. Viraka vyenyewe vinasaidia programu inayobadilisha faili la zamani. Faili jipya linalonakiliwa, kama la nyanya, bado linangoja zamu yake.

Halafu 2018 watu wa PostgreSQL wakagundua hata fsync ina mambo yake: diski ikikataa kuandika, kerneli ilikuwa inaripoti kosa mara moja, ukiuliza tena inasema sawa. Na Desemba 2023 Debian ikaahirisha toleo la 12.3 kwa sababu kiraka kilicholetwa kwenye kerneli 6.1 bila mwenzake kilikuwa kinaharibu data kwenye ext4. Tiba ikageuka ugonjwa.

Sasa maoni yangu, mnirushie mawe. Sekunde 30 ni uamuzi wa mtu ambaye stima yake haipotei. Sisemi kashe iondolewe. Nilijaribu kufungua flashi bila kashe, nikanakili folda moja ya picha, nikaenda kuoga, nikarudi bado. Lakini ule mstari wa asilimia mia ungeweza kusema ukweli. Windows ilibadilisha mwaka wa 2018, toleo la 1809, flashi zikawa haziwekewi kashe ya kuandika isipokuwa uiwashe mwenyewe. Kumbe inawezekana.

Nilirudi Ngomeni. Safari hii baada ya kunakili niliandika sync, nikangoja, nikazima, nikawasha, nikasikiliza mwanzo na mwisho, ndipo nikafuta. Rekodi iko, dakika kumi na tisa. Roketi zimo. Nilipomuuliza yale ya ukoo, nyanya alinitazama tu.

"Si nilikwambia siku ile, mjukuu wangu?"

"Ulinambia, nyanya."

"Basi."